Gesi ya Kubaki Chini

Mume wangu alisomeshwa na taifa miaka mitatu, kwenye nchi ya theluji, ajifunze namna ya kurudisha gesi ardhini. Usicheke mapema, ngoja kwanza. Nchi yetu siku zile haikuwa imetoa gesi hata ya kuchemshia uji wa mgonjwa. Kusini huko, kwenye kisiwa kimoja mbele ya Kilwa, watu walikuja na mitambo wakitafuta mafuta, wakakuta gesi, wakaitazama, wakakifunga kisima, wakaenda zao. Gesi yetu yote ilikuwa palepale alipoiweka Mungu. Na sisi, kwa akili zetu, tukamtuma mtu akasome namna ya kuirudisha hukohuko.

Kosa halikuwa lake, nakubali. Nchi rafiki ilitoa nafasi za masomo, na nafasi iliyoangukia ofisi yao ndiyo hiyo. Wangetoa nafasi ya kusomea ufugaji wa dubu, wangepeleka mtu akasomee dubu, na akirudi wangempa meza na kiti.

Alirudi na vitu viwili. Cha kwanza koti zito, ambalo Dar es Salaam hii lilifaa kwa jambo moja tu, kufunikia unga wangu wa vitumbua uumuke. Cha pili jiwe. Jiwe la kijivu, ukubwa wa nusu mkate, aliloletewa na mwalimu wake kutoka chini kabisa ya kisima. Aliliweka juu ya kabati la vyombo, kwenye kitambaa changu cha kufuma, utadhani picha ya marehemu babu yake. Mgeni akija, hata hajakaa vizuri, mume wangu anachukua glasi ya maji, anadondosha tone juu ya jiwe. Tone linazama. "Umeona? Mwamba huu una vitundu vidogo vidogo. Gesi hukaa humo." Mgeni anasema subhanallah. Mimi nipo uani nakohoa.

Somo lenyewe nililisikia mara nyingi mpaka naweza kukusomesha wewe. Wenzetu wa kule wana visima vya gesi vilivyokwisha. Gesi ikishatolewa, ule mwamba wa chini unabaki na vitundu vyake vitupu, kama sega lililokamuliwa asali. Basi wakati wa joto, watu hawahitaji moto mwingi, wanaisukuma gesi nyingine mle ndani kwa mashine. Baridi ikija wanaitoa, wanapasha nyumba zao. Ghala la chini kwa chini. Juu yake lazima pawe na tabaka la mwamba mgumu lisilo na ufa, liwe kifuniko, na visima vya zamani vyote vizibwe, la sivyo gesi inajiendea.

"Na sisi baridi tunayo?" nilimwuliza.

"Siyo baridi tu. Ni suala la akiba ya taifa."

"Akiba ya nini? Huna gesi ya kupikia leo, unaweka akiba ya kesho?"

Alinitazama kwa huruma, vile wasomi wanavyotutazama sisi wa darasa la saba. Halafu akanieleza lile lililonikaa kichwani mpaka leo. Akasema katika ghala la namna hiyo, gesi yote haitoki. Kuna sehemu lazima ibaki chini milele, ndiyo inayosukuma ile nyingine ipande. Ukiitamani ukaitoa na hiyo, ghala limekufa. Mwenyewe akaiita gesi ya kubaki chini.

"Sasa hiyo ya kubaki chini inafaidi nini?"

"Haifaidi kitu. Ndiyo kazi yake."

Nikamwambia hiyo gesi naijua, nimeolewa nayo. Hakucheka.

Tulikaa Kariakoo, nyumba aliyoniachia mama yangu, vyumba sita na ukumbi katikati, uani nyuma. Vyumba vingine wapangaji. Kazi yangu vitumbua. Alfajiri nakaanga uani, kukipambazuka nimekaa barazani na sinia, na wafanyakazi wa mjini, makuli wa bandarini, wauza duka, wote wananipitia. Kifua changu hakikuwa hivi zamani. Kilianza kwa mluzi mdogo ndani, nikadhani mafua. Kikaja kuwa kama mtu kanikalia juu ya mbavu. Daktari wa hospitali ya serikali aliniwekea chombo chake mgongoni, akasikiliza, akaniuliza napikia nini. Nikamwambia mkaa, mkaa ukikosekana, kuni, kuni zikikosekana, makumbi ya nazi.

"Mama," akasema, "kifua hiki na moshi haviwezi kukaa nyumba moja. Tafuta jiko la mafuta au la gesi. Ama sivyo acha vitumbua. Ukiendelea hivi, moshi utakuua."

Niache vitumbua! Mshahara wa mtaalamu wa kurudisha gesi ardhini ulikuwa haufiki katikati ya mwezi. Vitumbua ndivyo vilivyotulisha mimi na yeye na jiwe lake.

Nikajaribu jiko la mafuta ya taa. Miaka ile kila kitu foleni; sukari foleni, sabuni foleni, na mafuta ya taa ndiyo usiseme. Watu walikuwa hawapangi miili, wanapanga vitu. Unaweka kopo lako, au kikapu, au tofali, unakwenda kuhangaika na mambo mengine, na hakuna wa kulisogeza tofali lako, maana sote tulikuwa waungwana wenye shida moja. Siku moja sikuwa na kopo la ziada. Nikalichukua jiwe la Ulaya juu ya kabati, nikalipanga foleni mbele ya duka la ushirika. Lilikaa pale tangu asubuhi, la kijivu, la kisomi, baina ya kikapu na ndala iliyokatika.

Zamu yangu ilipofika, muuzaji akanimiminia mafuta akamwaga nusu kikombe juu ya jiwe. Likayanywa yote. Nikarudi nalo nyumbani, nikalitia kiberiti kwa hasira. Wallahi liliwaka! Liliwaka moto wa taratibu, sikuchochea wala sikupuliza, mpaka birika la chai likachemka. Mume wangu alipoingia akakuta jiwe la mwalimu wake linatoa moshi chini ya birika, alishika kichwa kwa mikono miwili. Nikamkaribisha chai. Nikamwambia mwalimu wake kweli hakumdanganya, gesi au mafuta, vyote vinakaa humo.

Mafuta yenyewe yalikuwa yakipatikana leo, mwezi ujao hakuna. Nikarudi kwenye makumbi.

Halafu bahati ikanichungulia. Familia moja ya Kihindi ghorofa ya mbele yetu ilikuwa inahamia ng'ambo. Yule mama alikuwa mteja wangu wa miaka. Akaniita, akaniachia jiko lake la gesi la pleti mbili, jeupe, linang'aa, na mpira wake. Akasema mume wako ndiye mtu wa gesi, hutapata shida. Mtungi walikwisha kuurudisha kwa wenyewe. Nililibeba jiko lile kichwani nikivuka barabara kama bibi harusi. Nikalipangusa, nikaliweka uani kwenye meza, nikalifunika kitambaa.

Sasa mtungi. Mitungi ya gesi ilikuwa inakwenda kwa mahoteli na kwa wakubwa. Mtu wa Kariakoo ukiuliza, wanakutazama kama umeuliza ndege. Nikamwambia mume wangu, "Wewe ni mtaalamu wa gesi wa nchi nzima. Niletee mtungi mmoja uliojaa, mmoja tu, nipumzishe kifua changu." Akasema ofisi yao haihusiki na mitungi, inahusika na mipango.

Nimtaje sasa mkurugenzi wake, maana ndiye mwenye hadithi hii. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi wa Tabora. Asiyejua utani nimweleze. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wao walipokuwa wapagazi, wanashuka pwani na pembe za ndovu za wenyewe kichwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akaingia kwako akakamata kuku akaondoka naye, na wewe ukikasirika aibu ni yako. Hata msibani mtani ana kazi yake. Analizuia jeneza mlangoni, anamtukana marehemu, na hapiti mtu mpaka alipwe chochote.

Mkurugenzi alikuwa anapita barazani kwangu kila asubuhi, tumbo mbele, suti ya kaunda imebana. "We Mzaramo! Mmeuza mashamba ya babu zenu mkacheza ngoma, sasa mnakaanga unga!" Nami namjibu, "Pita zako, mpagazi, leo mzigo umeutupa wapi?" Anakula vitumbua halipi, anafuta mafuta mkononi kwa kitambaa cha sinia langu, anakwenda zake anacheka. Nilimpenda, mwanaharamu yule. Ila kwa kazi za watu hapana. Alikuwa ni mtu wa hotuba. Ukimwuliza saa, anakuhutubia.

Basi akili ya mkurugenzi ikawa hivi: taifa limemsomesha mtu kwa ghala la gesi, kwa hiyo ghala la gesi liwepo. Wakakaa vikao. Mume wangu akirudi ananisimulia, mimi nakosa pa kuuficha uso. Kikao cha kwanza wakatafuta kisima kilichokwisha. Hakipo, kwa sababu hakijatolewa kitu kikaisha. Kikao cha pili mmoja akashauri gesi ya kule kisiwani itolewe yote, ili tupate nafasi ya kuweka gesi. Watu wazima, wana wake na watoto, wakaliandika. Kikao cha tatu mkurugenzi mwenyewe akauliza, pale soko jipya la Kariakoo si kuna shimoni, kunakowekwa viazi na mchele, kwa nini isiwekwe na gesi?

"Na wewe ulisema nini?" nikamwuliza.

"Nilisema nitalitazama."

"Ukatazama viazi?"

Mwisho wakaamua wafanye mfano, wamwonyeshe mgeni rasmi kutoka wizarani. Pipa la mafuta, lile kubwa, likajazwa mchanga uliochotwa bondeni Jangwani. Mchanga ndio mwamba wenye vitundu. Juu yake udongo wa mfinyanzi ukashindiliwa, ndio kifuniko kigumu. Bomba moja la kuingizia, jingine la kutolea. Gesi itasukumwa ndani mbele ya mgeni, halafu itatolewa, itawashwa, na juu ya moto ule litachemshwa birika la chai ya mgeni rasmi. Na gesi ya kazi hiyo? Ofisi ikaandika barua moja tu, wakaletewa mtungi. Umejaa! Mtungi ambao mimi niliulilia mwaka mzima, wao wameupata ili wautie mchangani.

Mume wangu aliniapia. "Mfano wenyewe unataka gesi kidogo sana. Pipa halibebi zaidi. Maonyesho yakiisha mtungi utabaki zaidi ya nusu, nami nitamwomba mkurugenzi tuuchukue." Siku ile nililala usingizi wa raha. Asubuhi nikalifunua jiko, nikalipangusa tena, ingawa halikuwa na vumbi. Mpangaji wangu mmoja, mke wa Mchaga mwenye duka la jumla, mtu wa kanisa sana, akaniambia, "Mama, Mungu amekukumbuka." Nikamwambia ukija mtungi, sufuria ya kwanza yako, maana siku nilizobanwa yeye ndiye aliyenisugua mgongo.

Ofisi yao ilikuwa mtaa wa Gerezani, si mbali na kwetu. Siku ya mgeni rasmi niliagizwa vitumbua vya chai, ndiyo maana nilikuwepo, nimekaa pembeni na sinia langu. Pipa lilikuwa limepakwa rangi ya kijani. Pembeni yake mtungi, na pembeni ya mtungi mume wangu, amevaa lile koti la theluji kwa amri ya mkurugenzi ili aonekane mtaalamu, jasho linamchuruzika mpaka kwenye viatu.

Mkurugenzi akahutubia. Akahutubia mpaka vitumbua vikapoa. Halafu mume wangu akafungua mtungi, sijui akafungua nini tena, akasogea kwenye bomba la kutolea, akawasha kiberiti. Kamwali ka bluu kakachomoza, kadogo, mfano wa ulimi wa paka. Watu wakapiga makofi. Birika likawekwa juu. Kamwali kakatikisika, kakainama, kakazimika. Kiberiti cha pili, wapi. Cha tatu, wapi. Mkurugenzi akalinyanyua birika haraka, akammiminia mgeni rasmi chai ya vuguvugu kama maji ya kuogea mtoto. Jiwe langu la foleni lilichemsha chai, pipa la taifa limeshindwa!

Mgeni rasmi akauliza, "Na gesi iliyomo humo?"

Mume wangu akajikaza. "Imo, ndugu. Lakini hiyo iliyobaki ni ya kubaki chini."

"Vizuri sana," akasema mgeni rasmi. "Hiyo ni akiba. Ilindwe."

Na ikalindwa. Sikutanii. Tangu siku ile pipa la mchanga lilijengewa kibanda na kuwekewa mlinzi mwenye rungu.

Mimi akili yangu ilikuwa kwenye mtungi. Nikaona watu wanaanza kusimama, mume wangu hamwombi mkurugenzi kitu. Nikajua huyu hatasema. Nikaweka sinia chini, nikajifunga kanga kiunoni, nikasimama katikati ya uwanja.

"We Mnyamwezi!" Watu wote wakageuka. "Umekula vitumbua vyangu mwaka wa ngapi huu, hujalipa! Leo nimekuja kuchukua kuku wangu." Nikaukumbatia mtungi. "Kuku mwenyewe huyu!"

Mgeni rasmi alikuwa Msukuma, na hao nao ni watani wetu. Alicheka mpaka miwani ikadondoka. Mkurugenzi alinitazama, akautazama mtungi, uso wake ukafunguka taratibu, akaanza kucheka kicheko kikubwa, tumbo linaruka. "Chukua, Mzaramo! Chukua, mtani wangu! Nani awezaye kukuzuia? Mpeni na mkokoteni!"

Nyuma yake mume wangu alikuwa ananitikisia kichwa. Nikadhani anaona haya, mke wa msomi anagombania mtungi mbele za watu. Nikamsonya.

Hamali akaupakia kwenye mkokoteni kwa mkono mmoja. "Mama, mbona mwepesi huu?"

"Mjinga wewe," nikamwambia. "Gesi ni hewa. Ulitaka iwe nzito kama gunia la mahindi?"

Nikapita naye Mtaa wa Msimbazi, mimi mbele, mtungi nyuma. Watu wananiuliza, nawajibu wote. Nilimwambia hata nisiyemjua. Kifua kilikuwa kimefunguka siku ile, niliimba. Nyumbani wapangaji wakatoka wote uani. Mke wa Mchaga akaja na sufuria ya maharage, yameshaoshwa. Tukaunga mpira, tukakaza. Nikafungua mtungi. Nikawasha kiberiti.

Ikatoka pumzi moja, fyuu, ikakata.

Nikafungua zaidi. Kiberiti kikaniunguza kidole. Nikawasha kingine. Mke wa Mchaga akashika sufuria yake vizuri, akaniambia kwa upole, "Labda imechoka na safari."

Mume wangu alipofika alinikuta nimekaa chini, mgongo kwenye ukuta. Akasimulia bila kunitazama. Mkurugenzi alitaka mazoezi. Kila asubuhi wiki nzima, washa tuone mwali, washa tena, wakubwa wa idara nyingine nao waone. Udongo wa juu ukakauka ukapasuka ufa, gesi ikawa inajiendea. Yeye akasema tupunguze, mkurugenzi akasema taifa halifanyi mambo nusunusu, weka yote. Siku ya maonyesho mtungi ulikuwa na masazo tu.

"Na hukuniambia?"

"Nilikutikisia kichwa."

"Kichwa!" Nilitaka kumpiga na birika. "Umesoma miaka mitatu, umevuka bahari, umekaa kwenye theluji, halafu unanitikisia kichwa?"

"Niliona haya," akasema. "Nilikuahidi."

Nikaanza kulia, na mimi siyo mtu wa kulia. Nikalia kwa ajili ya jiko lile jeupe, na kwa kidole changu, na kwa maharage ya watu. Kilio kikakutana na kifua, nikakohoa mpaka mke wa Mchaga akaja kunisugua mgongo. Jioni akayapika maharage yake kwa kuni, palepale pembeni yangu, nikahamia ukumbini.

Kesho yake asubuhi nipo barazani, macho yamevimba, mtani huyo anakuja, tumbo mbele. Akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Mzaramo! Vitumbua vya gesi leo vina ladha gani?" Makuli wakaangua kicheko. Alijua! Alijua tangu pale uwanjani, akaniacha niutembeze mtungi mtupu Kariakoo nzima. Na utani ndio utani. Angekuwa mtu mwingine, Mungu wangu, ningemmwagia karai la mafuta. Lakini mtani hakasirikiwi. Nilicheka. Nilijilazimisha nikacheka, nikasema, "Umeniweza, mpagazi." Akala vitumbua vyake. Kisha akainama, akasema taratibu, bila mzaha, "Mumeo ameniambia habari ya kifua chako. Nitakutafutia mtungi uliojaa, mtani. Haki ya Mungu."

Nikamwamini. Nilimwamini, mvua za masika zikaja, Jangwani pakajaa maji, zikaisha, zikaja tena. Kila nikimkumbusha, "Nalishughulikia." Kwa watu wa ofisi neno hilo ni kaburi, kinachoingia humo hakitoki. Mtungi ukawa kigoda changu. Nilikuwa naukalia uani alfajiri nikikaanga vitumbua kwa makumbi, moshi machoni, na jiko la pleti mbili likawa rafu ya sahani. Kule Gerezani mlinzi alikuwa bado analinda pipa la mchanga. Mume wangu akapandishwa cheo.

Mkurugenzi akafa ghafla. Presha, walisema. Alikaa kitini ofisini baada ya chakula cha mchana hakunyanyuka. Nilipoletewa habari niliacha unga mkononi. Niliumia, sikufichi. Nani tena wa kunitukana asubuhi?

Msiba ulikuwa kwa nduguze, Ilala. Nikamwita hamali, nikampakia mtungi kwenye mkokoteni. Mume wangu akasema, "Jamani, si leo." Nikamwambia leo ndiyo siku yenyewe, lini tena?

Wanaume walipolinyanyua jeneza na kulileta mlangoni, nilikuwa nimeshausimamisha mtungi kizingitini, nimeukalia, kanga kiunoni. "Hapiti mtu!" Wazee wa Kinyamwezi wakajua mtani kafika, wakasimama. Sauti ilinitoka vizuri. "We mpagazi! Leo umebebwa wewe! Ulikula vitumbua vyangu ukaniahidi gesi, sasa unatorokea wapi? Unakwenda chini, siyo? Si ndiko ulikosema kuna ghala? Basi chukua na mtungi huu, ukanijazie! Umwambie malaika, hii siyo ya kubaki chini! Hii ni ya mtani wangu, Mzaramo, anakufa kwa moshi!"

Watu walicheka. Wenye jeneza walicheka mpaka likayumba. Mjane alicheka huku machozi yanamtiririka, akasema, "Alikuwa akikutaja, alikuwa akikutaja kila siku." Wakanipa kanga mpya, fidia yangu, ili niondoke mlangoni. Nilikuwa na tusi la mwisho nimelitunza, tamu kuliko yote. Nikafungua mdomo nilitoe. Kikohozi kikanishika. Kikanikunja pale pale juu ya mtungi, ikawa hewa haiingii, haitoki. Jeneza likapita pembeni yangu. Mume wangu akanishika mabega.

Nikamsikia mzee mmoja akiwaambia wenzake, "Mwacheni. Tazameni mtani anavyomlilia mwenzake."

Sikuwa namlilia. Nilikuwa natafuta pumzi.